MTI GANI UFAAO KWA SAKAFU, NA NI NANI ALIPAYE IKIHARIBIKA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mafundi seremala na wapasua mbao katika mkutano wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa kuwa wanachama wengi waliokuwa kazini siku ile wameiomba.)



Katibu wa tawi ameniomba niseme maneno machache juu ya mbao ngumu za kutandikia sakafu. Najua wako waliocheka waliposikia habari hii. Walisema ya kwamba mkutano wa Chama ni wa kusema juu ya mishahara, wala si wa kusema juu ya miti. Lakini ninyi mfanyao kazi ya sakafu mnajua mashauri yenu yalivyo. Fundi ametandika sakafu, amelipwa nusu, anangojea nusu ya pili. Baada ya miezi mitatu au minne mbao zimeachana hata sarafu yaweza kupita katikati, au zimevimba na kuinuka kama mgongo wa ng'ombe. Tajiri anakuja, anatazama, anasema fundi hajui kazi, na ile nusu ya pili haitoki tena. Basi kwetu sisi habari ya mti ni habari ya mshahara.

Neno la kwanza nitakalo tulielewe ni hili: mti wa sakafu hauchaguliwi kwa ugumu wake peke yake. Tajiri akienda yadi ya mbao huuliza, "Ni mgumu?" Akiambiwa ni mgumu, hununua. Ugumu una maana, sikatai. Ukitandika saipres au podo katika shule, viatu vitaichimba kabla ya mwaka kwisha. Lakini sikilizeni hesabu hii. Wako watu wanaopima ugumu wa mti kwa kuisukuma gololi ya chuma ndani ya ubao mpaka nusu yake izame, kisha huandika nguvu iliyotumika. Kipimo hiki huitwa Janka, kwa jina la Mwaustria aliyekianzisha. Kwa kipimo hiki mwaloni mwekundu wa Marekani hupata ratili 1,290 hivi. Mvule wetu hupata kama 1,260. Msaji, yaani ule tunaouita tiki, hupata 1,070 tu. Na bado ni msaji uliotandikwa juu ya sitaha za merikebu kwa miaka mingi sana, mahali penye jua, chumvi na maji kila siku. Kama ugumu ungekuwa ndio neno kubwa, watu wa merikebu wangechukua mti mwingine.

Sababu ni kwamba msaji hautembei sana. Nikisema mti unatembea, nataka kusema unanywea ukikauka na kuvimba ukipata unyevu. Mti ukiisha kukatwa haufi katika jambo hili. Ubao uliokaa miaka hamsini ndani ya nyumba bado huvuta unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Ubao wa kabati ukifanya hivyo huenda mtu asione. Sakafu ni mbao arobaini au hamsini zilizobanwa ubavu kwa ubavu, na kila kidogo cha ubao mmoja huongezwa juu ya kidogo cha jirani yake.

Tupige hesabu. Ubao mbichi utokao kiwandani una unyevu wa asilimia 30 na kupita. Hapo juu ya 30 ukikauka unapungua uzito tu, haunywei. Ukishuka chini ya 30 ndipo huanza kunywea. Katika nyumba ya Nairobi mbao hutulia kwenye asilimia 12 hivi. Mombasa, kwa ajili ya hewa ya bahari, hutulia kati ya 14 na 16.

Sasa chukueni mkaratusi, hii blugam yetu. Ukipasuliwa ubapa, hupungua kama asilimia 9 ya upana wake toka ubichi hata kukauka kabisa. Maana yake kila asilimia moja ya unyevu inayotoka huchukua sehemu 0.3 katika mia ya upana. Fundi akitandika mbao za milimita 100 zenye unyevu wa 20, nazo zikatulia kwenye 12, kila ubao utapungua milimita 2.4. Chumba cha mita 4 kina mbao 40. Jumla ni milimita 96, karibu inchi nne za sakafu zimetoweka bila mwizi.

Chukueni mvule. Wenyewe hupungua asilimia 4 hivi kwa hesabu ile ile. Ukitandikwa ukiwa na 20, kila ubao utapoteza milimita moja na kidogo, na chumba kizima kitapoteza zaidi ya milimita 40. Ni afadhali kuliko blugam, lakini tajiri atapiga kelele vile vile. Lakini mvule huo huo ukitandikwa ukiwa na unyevu wa 14 katika Nairobi, kila ubao utapungua kama robo ya milimita. Hapo hata mke wa tajiri hataona kitu. Na blugam ya 14? Itapungua milimita 0.6 kwa kila ubao. Utaona mstari mwembamba, basi.

Hapa mnaona mambo mawili yanakwenda pamoja. Mti usiotembea sana unampa fundi nafasi. Mti utembeao sana haumpi nafasi yoyote, unamtaka awe na mbao zilizokauka barabara. Lakini hakuna mti duniani, hata ule wa bei kubwa kuliko yote, utakaokubali kutandikwa mbichi.

Sasa niitaje miti yenyewe, ile tunayokutana nayo.

Muhuhu, ambao Wakikuyu huuita muhugu, ndio mti wa sakafu wa nchi hii kwa haki. Ni mzito, futi moja ya ubao wake yautambulisha mkononi. Unanukia vizuri, hautembei sana, mchwa hauupendi, na mguu wa watu hauumalizi. Zamani ulipelekwa Ulaya kwa ajili ya sakafu za mahali pa watu wengi. Lakini mti wenyewe ni mdogo, umejipinda, mara nyingi una uwazi ndani, kwa hiyo mbao zake ni fupi. Ndiyo sababu sakafu za muhuhu ni za vipande vifupi vilivyopangwa kama mifupa ya samaki. Mtu akikuletea mchoro wa sakafu ya muhuhu yenye mbao za futi kumi na mbili, mwambie arudi akaulize tena. Tena hukua polepole mno. Uliobaki uko Karura, Ngong na Arabuko-Sokoke, na wachonga vinyago wameutafuta sana pia. Mimi siwezi kumshauri mtu aukate leo. Lakini sakafu za zamani za muhuhu zinabomolewa kila siku mjini, na vipande vyake hutupwa au huchomwa. Fundi mwenye akili huvinunua kwa bei ya kuni, huvikwangua lami ya zamani, na kuvitandika tena. Havitatembea sana: vimekwisha kutulia kwa miaka mingi.

Mvule nimekwisha kuusema. Niongeze mambo mawili. Ndani yake mara kwa mara kuna mawe, chokaa iliyoganda katika moyo wa mti, nayo huvunja meno ya msumeno. Mpasuaji anayelipwa kwa kipande na kisha akakatwa fedha za msumeno ulioharibika na jiwe la mvule ameonewa, na neno hilo yafaa liandikwe katika mapatano. Tena rangi yake hubadilika: leo ni ya manjano, baada ya mwaka ni ya kahawia. Mwenye nyumba akiweka zulia ataona alama yake siku akiliondoa. Mwambieni mapema.

Mbambakofi, ambao wenzetu wa Tanganyika huuita mkongo, ni mti wa milango ya Lamu. Ni mgumu kuliko mvule na unatulia kama msaji. Kama ningeambiwa nichague mti mmoja kwa ajili ya sakafu ya ukumbi, na fedha si zangu, ningechagua huo. Mninga hutembea kidogo kuliko karibu miti yote niijuayo na hupendeza macho, ila si mgumu sana, kwa hiyo ni wa chumba cha kulala au sebule, si wa duka. Mkangazi ni laini zaidi. Watu huununua kwa ajili ya jina la mahogani, nao ni mti mzuri wa samani, lakini kwa sakafu ya njia ya watu mimi siutaki.

Msaji wa kupandwa twapata kutoka Tanzania, kama ule wa mashamba ya Longuza karibu na Muheza na Mtibwa katika Morogoro. Angalieni umri. Mti uliokatwa ukiwa mdogo una ubao mweupe mwingi wa nje, na huo mweupe si msaji wa merikebu, wadudu wanaula. Tena msaji una mafuta. Gundi haishiki vema juu ya ubao uliopigwa randa juma lililopita. Piga randa asubuhi, gundisha siku ile ile.

Mzeituni wa milimani, ule uitwao musheragi, na ndugu yake loliondo, ni migumu na ina michoro mizuri, lakini inanywea sana katika kukauka. Yataka tanuri zuri na subira.

Nirudi kwa mkaratusi, kwa maana ndio mti wa mtu wa kawaida, umejaa nchi nzima na hatuna budi kuuzungumza bila dharau. Huko Australia, kwao mkaratusi, sakafu nyingi za nyumba ni za mkaratusi, nazo ni nzuri. Mti si mbaya. Ubaya ni haraka yetu. Ukikatwa hujipasua wenyewe kwa nguvu zilizokuwa zimefungwa ndani ya gogo, na ukikaushwa mbio hukunjamana. Wataka kupasuliwa kwa mpango, kupangwa kivulini na vijiti katikati, kukaushwa polepole na kisha kumaliziwa katika tanuri. Mwenye kiwanda asiyetaka kungoja asiuze mbao za sakafu, auze za kushikia zege.

Katika mti wowote, ubao uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo, yaani ambao pete za mti zimesimama wima ukiutazama kichwani, hutembea kama nusu ya ule uliopasuliwa ubapa. Mpasuaji aliye hapa ajue ya kwamba kwa mkono wake anaweza kumsaidia au kumwangamiza mwenzake wa sakafu ambaye hatamwona kamwe. Na mbao nyembamba ni salama kuliko pana. Ufa mmoja mkubwa huonekana, nyufa nne ndogo hazionekani.

Nataka kuwaeleza jambo nililoliona katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Kontrakta sitamtaja. Alikuwa na ukumbi wa kufunguliwa kwa tarehe iliyokwisha kutangazwa. Mbao za blugam zikaletwa na lori, zikishikwa zilikuwa baridi kama samaki. Mafundi watano walimwambia msimamizi ya kwamba ni mbichi. Akajibu, "Nyinyi tandikeni, vanishi itazishika." Wakatandika. Baada ya miezi minne sakafu ilikuwa kama ngazi iliyolala, na fedha zao zikazuiliwa. Tulipokwenda kwa ofisa wa kazi, kontrakta alisema mbao zilikuwa kavu, mafundi walisema mbichi, na hapakuwa na kipimo. Kilichowaokoa ni karatasi ya kiwanda iliyokuja na lori. Fundi mmoja alikuwa ameiweka mfukoni ili aandike nambari ya simu nyuma yake. Tarehe yake ilionyesha ya kuwa magogo yalipasuliwa siku kumi na tisa kabla ya kutandikwa. Walilipwa. Wengi wengine hawakuwa na karatasi, na hawakulipwa.

Sheria yasemaje? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata fedha kwa ajili ya mali iliyoharibika ikiwa tu uharibifu ulitokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na kiasi chenyewe kiwe cha haki. Makusudi, ndugu zangu. Ubao ulionunuliwa mbichi na tajiri, ukaletwa na lori la tajiri, ukatandikwa kwa amri ya msimamizi wa tajiri, hauwezi kuwa kosa la makusudi la fundi. Na kwa vyovyote vile makato yote kwa jumla hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Lakini sheria yataka ushahidi, na ushahidi wa sakafu ni nambari.

Kupima si kazi ya wasomi. Kipima unyevu cha misumari miwili chauzwa mjini. Ukikikosa, fanya hivi. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, angalau futi moja kutoka kichwani, kwa maana kichwa hukauka kwanza na kudanganya. Kipime uzito kwa mizani ndogo. Kitie ndani ya joko lenye joto la digrii 103 hivi, ukipime tena na tena mpaka uzito usishuke. Toa uzito mkavu katika uzito wa kwanza, kilichobaki kigawe kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia. Kama kilikuwa gramu 115 kikawa 100, unyevu ni 15. Pima mbao kadhaa, si moja, kwa sababu muuzaji hupanga zile kavu juu.

Na usipime mbao tu, pima na zege chini yake. Zege jipya hukauka polepole sana, ukadirie mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na penye mvua zaidi. Tandaza karatasi ya plastiki ya mita moja kila upande, ibandike kingo zake, uiache hata kesho. Ukiifunua ukakuta jasho au weusi, usitandike. Mbao kavu juu ya zege bichi zitakunywa maji toka chini na kuvimba. Ndiyo maana pia huachwa nafasi ya milimita 12 ukutani chini ya skatingi, ili sakafu ipate mahali pa kwenda. Na mbao zilizokaushwa kwa Nairobi zisipelekwe Mombasa na kutandikwa siku ile ile. Zifunguliwe, zikae ndani ya chumba chenyewe majuma mawili. Kama nyumba ya Mombasa ina mashine za kupoza hewa, ziwashwe wakati huo huo, kwa kuwa mashine hizo hukausha hewa na mbao zitafuata.

Ukiisha kupima, andika: tarehe, jina la mti, nambari za unyevu za mbao na hali ya zege. Mpe msimamizi atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, na mwenzako atie sahihi kama shahidi. Akiamuru mtandike vivyo hivyo, tandikeni, lakini nakala ya karatasi hiyo ije ofisini siku ile ile.

Habari ya vumbi sitaipitia haraka, ingawa Mwenyekiti anatazama saa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na hufunga kifua, wapo hapa wanaojua. Na si mvule tu. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Oxford waliona saratani ya pua kwa mafundi wa viti wa mji wa High Wycombe, Uingereza, ugonjwa ambao kwa watu wengine ni adimu. Mwaka 1995 shirika la kuchunguza saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliandika vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu bila shaka. Anayesugua sakafu kwa mashine ya msasa ndani ya chumba kilichofungwa anakula vumbi kuliko mtu mwingine yeyote. Leso usoni haitoshi. Mashine iwe na mfuko au bomba la kuvuta vumbi, mtu awe na barakoa ya vumbi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na sakafu isifagiliwe kwa ufagio mkavu. Kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 vitu hivi ni juu ya mwajiri. Visikatwe katika mshahara.

Neno lingine ni la wapakiaji na madereva. Tangu 1986 miti ya asili katika misitu ya Serikali imekatazwa kukatwa. Februari 2018 ukataji wote ulisimamishwa katika misitu ya umma na ya jamii, na Julai 2023 Rais alitangaza kuliondoa katazo hilo kwa miti ya kupandwa iliyokomaa. Tena mkutano wa mataifa uliokutana Panama mwezi wa Novemba 2022 uliingiza mbambakofi, mkangazi na mninga wa Afrika katika orodha ya miti isiyovuka mpaka bila cheti. Mbao nyingi za namna hii hutujia kutoka Kongo na nchi nyingine jirani. Lori likikamatwa usiku bila karatasi, tajiri huwa amelala nyumbani kwake, na anayelala kituoni ni dereva na turnboi. Dereva aombe karatasi kabla ya kuwasha gari.

Chama kimenunua kipima unyevu kimoja. Kipo kwa Katibu, ofisini, nacho hutolewa kwa siku mbili kwa mwanachama aliyelipa ada, akitia sahihi daftarini. Karatasi za kuandikia vipimo zimechapwa na ziko hapo mezani. Kila kikundi kichukue kumi. Walio na mashauri ya fedha za sakafu zilizozuiliwa wabaki baada ya mkutano, nao walete chochote walicho nacho, hata risiti ya lori.